Kutwaa daraja kutoka angani ni nini?

Lori likilala barabarani kwenye mlima Kitonga, Iringa, basi Mbeya na Tunduma zinasikia: mafuta yanachelewa, mizigo ya Zambia inakwama. Jeshi linalovamia lina udhaifu huohuo. Vifaru na malori yake hufuata barabara, barabara hukatwa na mito, na anayejilinda hulipua daraja kabla adui hajavuka. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Kyaka kwenye mto Kagera, na jeshi la Tanzania, JWTZ, likalazimika kutandika daraja la muda ili livushe vikosi vyake.

Kutwaa daraja kutoka angani ni njia ya kumwahi mlipuaji. Kikosi kidogo hushushwa nyuma ya mstari wa adui kwa miamvuli, helikopta au ndege zisizo na injini. Kazi yake ni kulikamata daraja likiwa zima, kisha kulishikilia mpaka jeshi kuu lifike kwa barabara.

Mfano safi kuliko yote ni wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, huko Bénouville, Ufaransa, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Meja John Howard wa Uingereza na watu wake walitua kwa ndege zisizo na injini, ile ya kwanza ikisimama yapata meta 50 tu kutoka daraja la mfereji wa Caen. Kwa dakika kama kumi hivi daraja likawa lao. Walipokagua chini yake walikuta mahali pa kuwekea baruti pako tayari, baruti yenyewe haijatiwa. Bahati nayo ilikuwepo, tusiifiche.

Septemba mwaka huohuo, Arnhem, Uholanzi, mambo yalikwenda kombo. Askari wa miamvuli wa Uingereza walishushwa kilometa kama kumi au zaidi kutoka darajani, wakatembea, na Wajerumani wakazinduka. Watu wapatao 740 chini ya kamanda wao John Frost walifika upande wa kaskazini wa daraja. Vifaru vya kuwapokea vilibanwa kwenye barabara moja nyembamba na havikufika. Wakapigana zaidi ya siku tatu, risasi zikaisha. Kwa maoni yangu kosa kubwa lilikuwa ule umbali: anayeshuka kutoka angani hana silaha nzito, mtaji wake ni kushtukiza.

Tusichanganye na uharibifu. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walilipua daraja la Chambeshi, Zambia, kwenye reli ya TAZARA inayopita hapa kwetu Mbeya. Wao walitaka asipite mtu, kwa hiyo hawakuwa na jeshi la kusubiri, walilipua, wakaondoka.