Je, wajua kwa nini vijana wa pwani walipiga kwata bila kuwa askari?

Ungekuwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam yapata miaka 100 iliyopita, alasiri ya sikukuu, ungesikia tarumbeta kabla hujaona mtu. Halafu wangejitokeza kwenye kona ya mtaa: vijana safu kwa safu, kaptula na shati jeupe zilizopigwa pasi zikanyooka, mkanda kiunoni, kifimbo kwapani. Mbele yao kijana mwenye nyota mabegani. Filimbi ikilia, safu nzima inageuka kwa mguu mmoja. Ukimuuliza jirani hicho ni kikosi gani, angekwambia si kikosi, ni beni. Na yule mwenye nyota? Jenerali. Kesho asubuhi jenerali huyo yuko bandarini anabeba magunia, au yuko ofisini ananakili barua za bwana mkubwa.

Neno beni ni lile lile la Kiingereza lililotupa "bendi". Jina hilo lilishika kwa sababu kilichowavuta vijana mwanzoni ni muziki wa matarumbeta na hatua zake.

Jibu ambalo wengi hutoa haraka ni kwamba walikuwa wanawaiga Wazungu. Maofisa wengi wa kikoloni waliamini hivyo, wakacheka. Mimi naona jibu hilo linawakosea haki vijana wale, maana linasahau kilichokuwapo kabla ya tarumbeta la kwanza kulia.

Miji ya Waswahili ilikuwa na desturi ya kugawanyika pande mbili na kushindana. Lamu ina Mkomani na Langoni. Mombasa ilikuwa na Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Upande mmoja ukicheza ngoma leo, kesho ule mwingine unacheza kubwa zaidi, unachinja ng'ombe wengi zaidi, unatunga mashairi makali zaidi ya kuwatia wenzao aibu. Ushindani huo ulikuwa siasa ya mji. Heshima ya mtu na ya mtaa wake ilipimwa hadharani, kwa ngoma, kwa karamu na kwa ulimi.

Miaka ya 1890 kikaingia kitu kipya cha kushindania. Zanzibar, Sultani alikuwa na bendi yake, na wapigaji Wagoa, watu wa Goa huko India, walikuwa wakisikika mjini. Manowari za Uingereza zilitia nanga na mabaharia wakashuka na muziki wao. Kule Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wamisionari walikuwa wameanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa tangu miaka ya 1870, na vijana waliolelewa pale wakajifunza kupiga ala za bendi. (Ukipanda matatu ya Kisauni leo utasikia kondakta akiita "Kengeleni". Kengele inayotajwa ni ya Frere Town, na mnara wake bado umesimama.) Vijana wa mjini waliona, wakasikia, wakasema hiki nacho ni cha kwetu. Mombasa zikaibuka beni mbili mahasimu, Kingi na Skochi. Jina la kwanza limetoka kwa neno la Kiingereza "king", yaani mfalme, la pili kwa Waskoti. Majina mapya, lakini ugomvi ni ule ule wa pande mbili za mji.

Zingatia wakati wenyewe. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Mijini kulikuwa na vijana wengi ambao wazee wa ukoo wasingewapa nafasi mbele ya watu hata wangesubiri maisha yote. Ndani ya beni cheo kilipatikana kwa kujua hatua, kwa kuchanga, kwa kutunga wimbo uliowaumiza wapinzani. Mtu aliyekuwa hana jina akawa kanali, na watu wakampigia saluti. Palikuwa na mfalme, palikuwa na daktari, na wanawake pia walipewa vyeo. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na ushindani wao katika lelemama, ngoma ya wanawake, kwa sare na mashairi, na vijembe vyao havikuwa haba.

Upande wa Tanganyika beni mbili kubwa zilikuwa Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa mjini hasa: wenyeji wa pwani, makarani, waliosoma. Arinoti ilibeba zaidi watu wa bara na vibarua. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kijana aliyetoka bara akashuka Tanga bila kumjua mtu alikwenda kuwauliza Arinoti wako wapi. Akapata pa kulala na watu wa kumtafutia kazi. Akiugua aliangaliwa, akifa alizikwa na watu wanaomwita ndugu. Matawi yaliandikiana barua kutoka mji hadi mji. Gwaride la sikukuu lilikuwa uso wa chama tu. Kazi kubwa ilifanyika siku ambazo tarumbeta halikulia.

Vita ya Kwanza ya Dunia ikaibeba beni mbali. Askari wa Mjerumani waliicheza, na askari wa Mwingereza pia, na wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita wakaijua. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limebaki kutokana na kikosi hicho cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Waliosalimika walirudi kwao na hatua za beni miguuni: Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Hapo kicheko cha maofisa kikageuka wasiwasi. Vijana wenye sare, vyeo na matawi yanayoandikiana barua bila ruhusa ya serikali: hiyo ni ngoma kweli? Mwaka 1935 wachimba migodi wa Ukanda wa Shaba, Rhodesia ya Kaskazini, waligoma, na huko Luanshya watu sita wakauawa kwa risasi za polisi. Tume iliyochunguza mgomo ule iliuliza pia habari za Mbeni, jina la beni kwa huko. Hofu hiyo inaniambia kwamba watawala walikuwa wameanza kuelewa walichokuwa wakikitazama.

Mijini, beni ilififia taratibu kuanzia miaka ya 1930. Dansi iliingia, na mpira ukachukua vijana. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka mmoja baadaye, na anayejua jinsi Dar es Salaam inavyogawanyika siku ya mechi yao hahitaji kuelezwa desturi ya pande mbili ilikwenda wapi.

Lakini haikufa. Zanzibar hadi leo beni hupita mitaani siku ya harusi. Tarumbeta na tromboni zinatangulia na ngoma kubwa inadunda, huku wanawake wakifuata nyuma wakiitikia na kucheza, na watoto wanatoka mbio vichochoroni hata kabla wimbo haujachanganya. Gwaride kali limelegea humo, imebaki furaha.

Gwaride lenyewe utalikuta Malawi, kando ya ziwa, katika ngoma ya malipenga. Vijana hawakuwa na fedha za kununulia matarumbeta, kwa hiyo walichukua vibuyu, wakatoboa tundu na kulifunika kwa utando wa buibui. Ukivumisha sauti ndani yake, utando unatetema na kibuyu kinalia kama tarumbeta lenye mafua. Wanatoka safu kwa safu, nguo nyeupe, soksi zimevutwa hadi magotini. Kila kundi huitwa boma, na kila boma lina mfalme wake.