Lugha ya Madoadoa Haivumiliki
Uchaguzi Mkuu wa Kenya wa 10 Agosti 2027 unakaribia, na sisi tunaopokea malalamiko ya matamshi ya chuki tunaomba tuelewane mapema.

Chukua kundi la WhatsApp la kuchangia mazishi. Katikati ya orodha ya michango inaingia sauti ya dakika moja, kwa lugha ya mama: shamba lina madoadoa, na msimu wa kuyaondoa umefika. Mtu mmoja analalamika. Admini anajibu, “Tuheshimiane, kila mtu ana maoni yake.” Sauti inabaki palepale.

Admini huyo ana nia njema, lakini amekosea. Katika Bonde la Ufa watu wa makabila yaliyoonekana ya kigeni waliitwa madoadoa, kisha wakafukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari 2008 waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa humo ndani. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133. Aliyeponea hawezi kulisikia neno hilo kama maoni. Ukimwambia avumilie, umemtwisha mzigo aliyelengwa na kumwachia nafasi aliyemlenga.

Kumkosoa rais, gavana au chama, hata kwa ukali, ni haki yako chini ya Kifungu cha 33 cha Katiba. Kumtukana mwanasiasa peke yake si matamshi ya chuki. Tumelisema hili mara nyingi mno. Katiba hiyohiyo inasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inakataza maneno ya vitisho au matusi yanayokusudia kuchochea chuki ya kikabila, au ambayo kwa kutazama mazingira yote yanaelekea kuichochea. Kwa hiyo “nilikuwa natania” si kinga. “Nimesambaza tu” nayo si kinga, maana kusambaza kumetajwa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 1,000,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Chini ya kifungu cha 62, kuhusu kudhalilisha kabila, kifungo hufika miaka 5.

Usiifute sauti kabla ya kuihifadhi. Andika tarehe, saa, jina la kundi na namba iliyotuma. Usiitume kwingine “kama ushahidi”. Usiuze simu hiyo wala kuifuta data: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulivyotolewa na kwa kifaa gani. Usiitafsiri mwenyewe, ilete kwetu ilivyo. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) huchunguza, lakini uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa hiyo usitarajie mtu afungwe wiki ijayo.

Ukishahifadhi, iondoe kundini na useme waziwazi kwa nini. Katika orodha ile ya michango, jina la tatu ni la jirani wa jamii inayoitwa madoadoa. Alikuwa ametuma pesa zake asubuhi hiyo.