Acheni kusema wazee wa hoki walicheza kwa mapenzi tu

Nimeisikia tena, na safari hii kwa mtu anayejua hoki ya barafu vizuri kabisa: eti waanzilishi walicheza kwa mapenzi, hela ndo zimekuja kuharibu baadaye. Jamani. Mimi kazi yangu ni historia ya mchezo huu, nashinda kwenye magazeti ya miaka ya 1900 na habari za timu ambazo zimeshakufa zamani, na kila ninapogeuka nakutana na watu wanaoijua bei yao na wanaoitetea.

Tumchukue Fred Taylor, nyota wa hoki wa enzi zile aliyepewa jina la utani Cyclone, maana ndiye anayetajwa zaidi. Kakulia Listowel, mji mdogo wa Ontario, kaacha shule akaingia kiwanda cha piano. Mwaka 1904 wakubwa wa chama cha hoki cha Ontario, wale wale waliokuwa wakihubiri uridhaa usiku na mchana, walimtaka ahamie Toronto akachezee timu ya Marlboros. Akakataa, akafungiwa asicheze jimboni. Sasa niambieni, kijana anataka kubaki kwao acheze na wenzake, na waliomzuia ni hao hao wa "mapenzi ya mchezo". Uridhaa ulikuwa njia ya viongozi kumshika mchezaji bila kumlipa. Kwangu hilo halina mjadala.

Akaenda zake Manitoba, Portage la Prairie, na mwaka 1906 akavuka mpaka hadi Houghton, Michigan, mji wa migodi ya shaba, kwa dola 400 na gharama zote juu. Huko ndo kulikuwa na ligi ya kwanza kulipa wachezaji waziwazi, ilianza 1904 na kati ya walioisukuma alikuwepo daktari wa meno, Doc Gibson. Haikudumu, 1907 ikafa, na sababu mojawapo ni kwamba ligi kubwa ya mashariki ya Canada ilisharuhusu wa kulipwa na wa ridhaa wacheze pamoja, sasa mtu avuke mpaka kutafuta nini?

Hapa lazima niseme kitu ambacho watu wanakiruka kila siku. Kwa nini Taylor alikuwa ghali hivyo? Wanasema kipaji, basi, wanaishia hapo. Sheria za wakati ule ndo jibu. Timu ilikuwa na watu saba, wa saba ni rova, hana nafasi maalum, anazunguka uwanja mzima, na mechi ni dakika sitini wale wale wanamaliza, hakuna benchi la kubadilishana kila dakika kama leo. Alafu pasi ya mbele ilikuwa marufuku. Yaani mwenzako akiwa mbele ya paki, kile kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa, huwezi kumpa, ameotea, kwa hiyo njia ya kuipeleka paki mbele ni mtu mwenyewe aibebe kwenye stiki akimbie nayo, au wenzake waje pembeni na nyuma yake. Katika mchezo wa namna hiyo mtu mwenye spidi anakuwa ndiye mfumo wenyewe. Ukimnunua Taylor umenunua njia ya kufika golini, na wenye timu walilijua hilo, na yeye alilijua kuliko wao.

Sasa Renfrew. Ottawa walimchukua 1907, wakatwaa naye Kombe la Stanley, kombe kubwa la hoki, 1909, alafu Desemba ile ile akasaini Renfrew, mji mdogo tu huko Ontario, lakini wenye timu ni familia ya O'Brien, watu wa reli na migodi ya fedha. Dau likatajwa dola 5,250 kwa mechi 12. Kila mtu anachukua kalkuleta anagawanya, anapata zaidi ya dola 437 kwa mechi, kisha anamweka pembeni ya Ty Cobb wa beisiboli anayecheza mechi 154 na kutangaza kwamba Taylor ndiye aliyelipwa kuliko wanamichezo wote. Hesabu hii inaniudhi kwelikweli! Mechi zilikuwa 12 kwa sababu barafu ilikuwa ya asili, inaanza kushika Januari na Machi inayeyuka, huwezi kuongeza mechi hata ukitaka. Ukigawanya kwa mechi unapima hali ya hewa. Mtu yule ana miezi kumi mingine ya kula. Na dau lenyewe mimi nalichukua kwa tahadhari, maana mwenye timu alikuwa na faida gazeti likiandika kubwa, mashabiki wajae, wapinzani watishike, na vitabu vinainakili ile 5,250 bila kujiuliza nani aliitaja kwanza.

Na lile goli dhidi ya Ottawa ambalo watu wanasema alilifunga akiteleza kinyumenyume uwanja mzima, tafadhali, wakati ule lilisimuliwa kwamba aligeuka mwishoni akaenda kinyumenyume kidogo ndo akapiga. Hakuvuka uwanja mzima mgongo mbele. Renfrew walishinda 17 kwa 2 siku ile, tuendelee.

Ile pesa iliisha haraka mno. Msimu uliofuata, 1910-11, wenye timu wa NHA, ligi waliyokuwamo Renfrew, walikubaliana kila timu isilipe zaidi ya dola 5,000. Timu nzima! Mwaka mmoja nyuma mtu mmoja peke yake katajiwa zaidi ya hapo. Wachezaji walikasirika, wakafikiria kuanzisha ligi yao wenyewe, ikashindikana kwa sababu viwanja vilikuwa mikononi mwa hao hao matajiri. Mtu akikuambia enzi zile hakukuwa na ugomvi wa hela mwonyeshe hapo. Renfrew ikavunjwa 1911, haki za Taylor wakapewa Wanderers wa Montreal, na yeye akakataa kwenda, akakaa nje karibu msimu mzima.

Aliwezaje kukataa? Alikuwa na ajira. Hili ndilo natamani liandikwe kwa herufi kubwa. Ottawa walipomsaini 1907 walimpa dola 500 na kazi serikalini, idara ya uhamiaji, na ile kazi kwa maoni yangu ilikuwa na thamani kuliko mkataba wowote wa Renfrew, kwa sababu tajiri wa timu hakuweza kumlaza njaa. Ndo maana 1912 alienda Vancouver kwa ndugu wawili Patrick, waanzilishi wa ligi ya pwani ya magharibi, kwa masharti aliyoyaridhia, na huko kulikuwa na barafu ya mashine, pasi ya mbele ikaja kuruhusiwa katikati ya uwanja, akachukua kombe tena 1915 na msimu wa 1917-18 akafunga magoli 32 katika mechi 18.

Lakini kazi ile ile ndo iliyompeleka, Mei 1914, kwenye meli ya Komagata Maru pale Vancouver, ikiwa na abiria 376 kutoka India, wengi wao Masingasinga, na yeye akiwa kati ya maafisa wa kwanza kupanda. Watu walizuiliwa melini miezi miwili, karibu wote wakarudishwa. Vitabu vingi vya hoki vinaruka hapo moja kwa moja hadi kombe la 1915. Mimi siwezi kuruka, na nakiri sijapata njia ya kuyasimulia mawili haya pamoja nikaridhika, maana uhuru wake mbele ya matajiri na yale yaliyowapata abiria wale vinatoka ofisi moja.

Aliacha barafu 1921, akarudi kwa mechi moja tu baadaye. Ofisini aliendelea mpaka 1950, akiwa amepanda hadi mkuu wa uhamiaji wa British Columbia na Yukon, na nishani ya Uingereza ya Order of the British Empire ya 1946 alipewa kwa kazi hiyo.