Mbao ya kijani, mti mnene na mengine tunayodanganyana

Kenchi mbili za banda langu la uani zimejipinda kiasi kwamba mgeni akitazama juu huuliza fundi alikuwa amekunywa nini. Hakuwa amekunywa kitu. Siku anazipandisha zilikuwa zimenyooka, niliziona mwenyewe. Kiangazi kimoja kilipopita, bati likaanza kuinuka upande mmoja na misumari ikachungulia. Nilimlaumu fundi, fundi akamlaumu muuza mbao, muuza mbao akalaumu jua. Imenichukua miaka, na maongezi mengi na watu wa misitu huku Nyanda za Juu Kusini, kuelewa kwamba kosa lilifanyika siku ule mti ulipokatwa, na pengine siku mbegu yake ilipookotwa.

Dhana: "Mti ukishanenepa umekomaa, kata."

Mafinga, Njombe, Makete, kote utaisikia kauli hii. Ada ya shule imefika, mnunuzi kaja na dingdong yake, ile mashine ya kupasulia inayohamishwa kutoka shamba hadi shamba. Anaupima mti kwa macho, anasema "huu unatoa mbili kwa nne", biashara imekwisha. Na kweli, paina ya miaka 8 au 10 kwenye udongo mzuri ina unene wa kutoa mbao. Unene upo. Ubora ndio haujafika.

Paina katika miaka yake 10 hadi 15 ya mwanzo hujenga mbao ya ujana. Seli zake ni fupi na kuta zake nyembamba. Ndani ya kuta hizo kuna nyuzi ndogo mno, hazionekani kwa macho, ambazo kwenye mbao iliyokomaa husimama karibu wima kufuata urefu wa mti. Kwenye mbao ya ujana nyuzi hizo hulala kwa mzunguko, kama kamba iliyoviringishwa kwenye mti wa bendera. Hapo ndipo balaa linapoanzia. Mbao iliyokomaa ikikauka husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu haipungui sana, asilimia 0.1 hadi 0.3 hivi. Ya ujana inaweza kupita asilimia 1, yaani sentimita 4 nzima kwenye ubao wa mita 4. Sasa chukua ubao ambao ubavu mmoja umetoka katikati ya gogo na mwingine karibu na gome. Ubavu mmoja unafupika, mwingine unagoma. Lazima ujikunje.

Unaweza kuliona jambo hili bila maabara. Okota kisahani cha gogo pale dingdong ilipolala, kwenye lile rundo la pumba. Katikati pete za ukuaji wa mti ni pana, zimepauka, na ukibonyeza kwa ukucha panabonyea. Sogea kuelekea kwenye gome: pete zinabanana, ule mstari wa kahawia wa kila pete unanenepa, na ukucha haupiti. Hata mti wa miaka 30 una ujana wake pale katikati, tofauti ni kwamba umeshaufunika kwa mbao nzuri nyingi. Wa miaka 8 hauna cha kuufunikia.

Na kwa nini kenchi zangu zilinyooka siku ya kwanza? Zilikuwa mbichi. Mbao haisinyai mpaka maji yake yashuke chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Nilinunua mbao ambayo safari yake ya kujikunja ilikuwa haijaanza, nikaipigia misumari.

Kuna wanaoigeuza dhana hii wakasema kila mti unaokua haraka una mbao mbovu. Nao wamekosea. Kwa paina, umri una uzito kuliko kasi. Na iko milingoti, yaani mikaratusi, inayokimbia kama imetumwa na mbao yake ikawa nzito vilevile.

Dhana: "Mbegu ni mbegu tu, kazi ni udongo."

Anayetaka mbegu za paina huenda kwenye mti anaoufikia. Mti gani unafikika? Ule mfupi, wenye matawi mengi yaliyoanzia chini na koni, yale matunda magumu yenye mbegu, zimejaa mkononi. Ule mrefu ulionyooka kama mlingoti wa jahazi, koni zake ziko mita 20 juu, nani apande? Basi kila msimu tunachagua ufupi na matawi, tunavipanda upya, halafu tunashangaa kwa nini mashamba ya siku hizi yana miti ya ajabu. Na tawi la leo ni fundo la kesho: mbili kwa nne ikikatika, mara nyingi imekatikia kwenye fundo.

Tabia za mti hurithiwa, lakini si zote kwa nguvu sawa. Unene hutegemea sana udongo, mvua, nafasi na kama ulipalilia, kwa hiyo mti mnene shambani kwako huenda ulikaa tu penye samadi. Uzito wa mbao, yaani ni kiasi gani cha mbao halisi kimejazwa kwenye ujazo uleule, hurithiwa kwa nguvu zaidi. Watafiti wa vinasaba vya miti wamelipima hili kwa paina na milingoti ya aina nyingi, na jibu linajirudia. Maana yake ni kwamba anayechagua mama kwa unene peke yake amechagua kitu kisichorithika vizuri na kuacha kinachorithika.

Kosa la pili ni kuchuma shamba zima kwenye mti mmoja "uliobarikiwa". Watoto wa mama mmoja wakipandwa pamoja, kizazi kinachofuata ni ndugu kwa ndugu. Paina haivumilii ndoa za namna hiyo: mbegu nyingi hutoka tupu, zinazoota hudumaa. Ushauri wa kawaida ni kuchuma kwenye miti isiyopungua 25 au 30, iliyosimama mbalimbali, kisha kuchanganya. Ni kazi, ndiyo. Ndiyo maana mbegu iliyothibitishwa inauzwa ghali kuliko ile ya kwenye kikombe sokoni.

Dhana: "Miche ya kloni ni miti iliyochezewa vinasaba."

Ukipanda muhogo kwa kipande cha shina umefanya kloni. Migomba ya bibi yako ni kloni. Mlingoti chotara wa Eucalyptus grandis na Eucalyptus camaldulensis umepatikana kwa chavua ya mmoja kupelekwa kwenye ua la mwingine, halafu mtoto bora akakatwa vipandikizi, vikaoteshwa. Cha kuogopa kiko kwingine: shamba zima likiwa mti mmoja uliorudiwa mara elfu, mdudu akiuweza mmoja ameiweza yote.

Dhana: "Miti ikikauka ni jua, au mkono wa mtu."

Kila kizazi cha wapanda miti Afrika Mashariki kimezika aina yake. Wazee waliofanya kazi misituni wanaikumbuka paina iitwayo Pinus radiata. Ilikuwa ndiyo tegemeo, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 ulipoingia ukungu wa majani uitwao Dothistroma. Sindano, yaani majani membamba ya paina, zinatoka mabaka mekundu, zinakufa kuanzia ncha, matawi ya chini yanabaki matupu. Upandaji wa radiata ukaachwa Kenya na Tanganyika. Pinus patula ya milima ya Mexico, inayoustahimili ukungu huo, ikachukua nafasi, na ndiyo inayotutazama kila kona leo.

Ikaja zamu ya saipresi. Kidukari wa saipresi alionekana Malawi mwaka 1986, akapita Tanzania, na kufikia 1990 alikuwa Kenya, ambako saipresi ni mbao, ni ua na ni kivuli cha shule. Hunyonya utomvu na kutia sumu inayokausha tawi kuanzia ndani kwenda nje. Ukitazama toka barabarani utaapa ni ukame. Ila ukisogea, utaona mti mmoja wa kijani kibichi katikati ya kumi ya kahawia, udongo uleule, jua lilelile. Hiyo tofauti ni ya damu, na ndiyo dhahabu ya mtafiti: mti ule ndio wa kuchumwa mbegu. Kabla ya mbegu kukua, miaka ya 1990 Malawi ililetewa nyigu mdogo kutoka Ulaya anayetaga ndani ya kidukari, aanze kazi mara moja.

Na kuhusu mkono wa mtu: upo, ila si wa jirani mwenye wivu. Kidukari mwenye manyoya meupe wa paina, Pineus, aliingia Kenya mwaka 1968 akiwa amepanda vipandikizi vilivyoagizwa Australia kwa ajili ya kubebeshea, kazi ileile ya kuboresha miti. Waliokuwa wanatafuta paina bora ndio waliomfungulia mlango. Sijui kama kuna hadithi ya misitu inayonichekesha na kuniuma kwa pamoja kama hii.

Milingoti nayo ilipata wa kwake. Mwaka 2002, magharibi mwa Kenya, alionekana Leptocybe, nyigu asiyezidi milimita 2, mwenye asili ya Australia. Akitaga kwenye kikonyo cha jani na mshipa wa kati, panavimba vinundu na jani linajikunja. Mche mdogo unaweza kudumaa kabisa. Hapa tena, kloni nyingine zilishambuliwa vibaya na nyingine zikapita kama hazikuonekana. Kwa hiyo kabla ya kuchukua miche kwa mtu, geuza majani uyatazame. Vinundu vikiwepo, iache miche hiyo ilipo.

Dhana: "Mlingoti hukausha maji, paina haina neno."

Nusu ya kwanza ina ukweli mwingi. Ya pili ndiyo inayotuponza. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti walipanda Eucalyptus grandis kwenye bonde moja lililokuwa la nyasi na paina kwenye bonde jirani, wakapima vijito mwaka hadi mwaka. Cha mlingoti kilikauka mwaka wa 9. Cha paina kilikauka mwaka wa 12. Tofauti ni miaka mitatu. Milingoti ile ilikatwa ikiwa na miaka 16, na kijito hakikurudi siku ya pili: kilisubiri miaka mitano. Anayeng'oa milingoti kwenye chanzo cha maji na kupanda paina amebadilisha mnywaji tu.

Dhana: "Madoa ya bluu ni kuoza" na "mninga hauliwi".

Hizi nazipitia haraka. Ubluu kwenye mbao ya paina ni ukungu unaokula sukari iliyobaki ndani ya seli na si kuta zenyewe, kwa hiyo ubao unaharibika sura zaidi kuliko nguvu. Ila unakwambia kwamba mbao ilikaa mbichi muda mrefu, na ukungu wa kuoza hupenda hali hiyohiyo. Mninga nao, kiini chake cha kahawia kweli humshinda mchwa, kwa sababu mti umekijaza kemikali za kujilinda. Ile sehemu nyeupe ya nje haina kemikali hizo. Ukiuziwa kitanda cha mninga kikaanza kumwaga unga, angalia vitundu viko rangi gani.

Dhana: "Mbao ya kijani imetiwa dawa."

Ukijani huletwa na madini ya shaba. Dawa iliyozoeleka kwa nguzo na mbao huchanganya shaba, kromiamu na aseniki, na kazi yake huonekana pale tu mbao iliyokauka inapowekwa kwenye mtungi mkubwa, hewa ikanyonywa, kisha dawa ikasukumwa kwa shinikizo mpaka ndani. Mbao iliyochovywa kwenye pipa, au iliyopigwa rangi, nayo ni ya kijani. Mchwa hajali rangi. Ataingilia kwenye ufa, au pale fundi alipokata.

Kipimo ni msumeno. Usikate nchani, kwa sababu hapo dawa huingia kwa urahisi; kata sentimita 50 ndani, tazama uso mpya. Paina changa karibu yote ni mbao nyeupe inayokunywa dawa vizuri, kwa hiyo iliyopitia mtungini inapaswa kuwa ya kijani mpaka mbali. Na vile vipande vinavyobaki visiende jikoni: aseniki haiishi kwa kuungua, inabaki kwenye moshi na majivu.

Kipande kilichosalia cha zile kenchi zangu nilikikata mwaka jana. Kijani kilikuwa kimeingia milimita 2, labda 3, kisha njano ya paina mpaka upande wa pili, na pete tatu pana za kuhesabika. Nimekiweka dirishani sebuleni. Muuza mbao alipopita kunisalimia alikigeuzageuza mkononi, akakinusa, akakirudisha. Bado anaamini ni jua.