Kwa Nini China Haikuichukua Hong Kong Mwaka 1949?

Oktoba 1949 majeshi ya Kikomunisti ya Mao Zedong yalifika karibu na Mto Shenzhen, mpaka wa China na Hong Kong ya Mwingereza, yakasimama. Uingereza isingeweza kuwazuia kwa muda mrefu. Kilichowazuia ni amri ya Beijing.

Sera ya Beijing, iliyosimamiwa na waziri mkuu Zhou Enlai, ilikuwa fupi: kupanga kwa muda mrefu, kuitumia Hong Kong kikamilifu. China haikuitambua mikataba ya 1842, 1860 na 1898 iliyompa Mwingereza ardhi hiyo, ila suala lingemalizwa kwa mazungumzo wakati ukiiva. Kwa wakati huo bandari ilete fedha za kigeni. Vita vya Korea vilipozaa vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya China mwaka 1951, thamani ya Hong Kong kama mlango wa biashara iliongezeka.

Anayetaka kuielewa sera hii aangalie maji. Katika ukame wa 1963 mabomba ya Hong Kong yalifunguliwa saa nne tu kila baada ya siku nne, na watu wakapanga foleni na madebe. Beijing ikaidhinisha mradi wa kuipelekea maji ya Mto Dongjiang, ulio kusini mwa China. Mto Shima, unaomwaga maji yake humo, kwa asili hutiririka kwenda kaskazini, wahandisi wakaugeuza. Vituo vinane vya pampu vilipandisha maji mita 46, hatua kwa hatua, hadi bwawa la Shenzhen, ndipo yakavuka mpaka kwa bomba. Yalianza kufika 1 Machi 1965, kwa malipo, mita za ujazo milioni 68 kwa mwaka. Hata 1967, migomo na mabomu ya wafuasi wa Mapinduzi ya Utamaduni, vuguvugu la Mao, yalipoitikisa Hong Kong, jeshi halikuvuka mto.

Jambo linalosahaulika ni la 1972. Hong Kong ilikuwa kwenye orodha ya makoloni ya Umoja wa Mataifa, na koloni lina haki ya kudai uhuru wake. Machi 8, Huang Hua, balozi wa China Umoja wa Mataifa, aliiandikia Kamati Maalumu ya umoja huo ya kuondoa ukoloni, iliyoongozwa na Salim Ahmed Salim wa Tanzania, akitaka Hong Kong na Macau, iliyokuwa chini ya Mreno, ziondolewe kwenye orodha: hizo ni ardhi ya China iliyokaliwa na wageni, si makoloni. Novemba Baraza Kuu likakubali.

Gharama ya kuondolewa huko ilionekana baadaye. Mazungumzo juu ya hatima ya Hong Kong yalipoanza 1982, walioketi mezani walikuwa Beijing na London. Wakazi wa Hong Kong, zaidi ya milioni tano, hawakuwa na kiti.