Zimwi Likujualo Halikutishi

Nilipokuwa mdogo kijijini kwetu Seme, kuna usiku mmoja kelele ilianzia upande wa ziwa. Kwanza ilikuwa mbali kabisa, tang, tang, tang, kama mtu anayegonga sufuria tupu. Boma la jirani likaitikia, likafuata la pili, mpaka mteremko mzima ukawa unalia mabati, madebe na milango. Dani, yaani nyanya yangu, akapuliza koroboi ikazimika. Akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akaanza kugonga naye, ametulia kama mtu anayepepeta mahindi.

"Nyawawa wanapita," akasema, yaani mapepo ya ziwani. Basi. Ukigonga wanaendelea na safari yao, usipogonga wanakuingilia. Kelele ikatufikia, ikatupita, ikapanda juu na kufifia. Sikuona kitu. Zaidi ya miaka thelathini baadaye sijapata filamu iliyonitia baridi kama kile kifuniko.

Mimi ni mhariri wa sauti hapa Kisumu. Matangazo ya redio na video za harusi ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba; filamu fupi huja mara mojamoja, nazo hulipa ahadi. Jumamosi jioni tunakutana watu kama saba kubadilishana riwaya za kutisha, nyingi zikiwa za mtumba zenye alama za mafuta ya mandazi. Ikitangazwa tu kwamba kitabu fulani kinageuzwa kuwa filamu, amani imekwisha. Trela inatoka asubuhi (si zile za kubeba makontena pale Mamboleo), na jioni mwenzetu mmoja tunayemwita Mwalimu ameshaichambua picha kwa picha: huyu mhusika hakuwa hivi, nyumba haikuwa ya ghorofa, wameharibu. Kuna dada yetu mfamasia ambaye huomba jambo moja tu, mwisho usiguswe. Halafu kuna kijana wa kinyozi ambaye amekata tamaa kabisa. Anasema hatazami tena, kisha wiki ya kwanza ndiye wa kwanza kuipata.

Nawapenda, lakini wote wanauliza swali moja: je, filamu itafuata kitabu? Mimi naona hofu yao inastahili kuelekezwa kwingine. Kuna kitu ambacho kitabu kilikificha. Filamu itakificha wapi?

Chukua The Shining. Riwaya hiyo ya Stephen King, ya familia iliyobaki peke yake katika hoteli yenye mizimu, ilitoka 1977. Stanley Kubrick akaifanya filamu mwaka 1980, akabadilisha mengi, na King hajawahi kuficha kwamba hakuipenda. Mwaka 1997 ukatoka mfululizo wa televisheni wa sehemu tatu, skripti kaandika King mwenyewe, ukifuata kitabu kwa karibu sana. Kama kufuata kitabu ndiyo dawa, ubishi wetu ungeishia hapo. Lakini mwamshe shabiki usiku wa manane umuulize kuhusu hoteli ile, atakutajia Kubrick.

Ukitaka kujua kwa nini, tazama wale wanyama wa majani. Katika riwaya, nje ya hoteli kuna vichaka vilivyokatwa vikapewa maumbo ya wanyama, na vinasogea. Ila vinasogea wakati hutazami. Unageuka, mbwa amebadili mkao. Unamwangalia, ni kichaka tu. Unageuza uso tena, theluji inaanguka kutoka kwenye majani nyuma yako. Nilisoma sura hiyo mchana, jua la Kisumu likiwaka, na bado niligeuka kuangalia mchongoma wa jirani.

Kubrick aliwaondoa wote, akaweka bustani ya njia za kupotea. Mashabiki walilalamika. Mfululizo wa 1997 ukawarudisha kama kitabu kinavyosema, kompyuta ikawatembeza, sisi tukawaona wakitembea. Mwalimu ni mtetezi mkubwa wa mfululizo huo, lakini akifika sehemu hiyo huanza kukohoa. Kilichorudishwa ni majani. Kutoona, ambako ndiko kulikokuwa kunatisha, hakukurudi.

Mwandishi akisema "kitu kikakwaruza mlango", kila msomaji huleta mlango wake. Mwalimu huleta wa bweni alikosomea. Mimi huleta ule wa Dani, wa mbao, bawaba moja imelegea, chini kuna mwanya wa kupita kuku. Na "kitu" chenyewe kila mtu hukitengeneza kwa malighafi ya uoga wake, bila gharama. Kamera haina neno "kitu". Ni lazima ichague mlango mmoja, rangi moja, na ikiwasha taa ni lazima kuwe na dude pale, lenye idadi maalumu ya meno. Meno yanahesabika. Ukishahesabu umeshazoea, na waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha hawakukosea. Mimi naongeza tu kwamba halikutishi vilevile.

Mahali ambapo filamu inaweza bado kusema "kitu" ni sikioni. Jicho huona kilicho mbele na lina kope za kulifunga. Sikio halina kope, linapokea kutoka nyuma, juu na ng'ambo ya ukuta. Kubrick alilijua hilo. Kuna mtoto anaendesha kibaiskeli cha magurudumu matatu kwenye korido za hoteli. Juu ya mbao magurudumu yananguruma, juu ya zulia yananyamaza. Mbao, zulia, mbao, zulia. Hakuna kilichotokea bado, na yule dada mfamasia ameshakumbatia mto.

Mfano safi kuliko wote ni wa kitabu kimoja kilichofanywa mara mbili. Shirley Jackson aliandika The Haunting of Hill House mwaka 1959. Robert Wise akaitengenezea filamu mwaka 1963, nyeusi na nyeupe. Wise, kabla ya kuwa mwelekezi, alianzia kwenye uhariri wa sauti, na wenzangu wa kazi hii hulitaja hilo kwa kiburi kidogo. Katika filamu yake wanawake wawili wamejibanza chumbani, na kitu kinakuja koridoni kikigonga kuta, buu, buu, kinasita mlangoni. Huonyeshwi chochote isipokuwa nyuso zao na mlango. Mwaka 1999 hadithi ikarudiwa kwa rangi na pesa nyingi, kompyuta ikisogeza sanamu na nyumba yenyewe. Niliwawekea wenzangu zote mbili jioni moja. Ile ya pili ilipofika katikati, kijana wa kinyozi alikuwa anajibu ujumbe kwenye simu.

Msidhani nayasema haya kutoka juu ya mlima. Miaka michache iliyopita vijana wa hapa waliniletea filamu fupi, imetokana na hadithi aliyoandika mmoja wao: mvuvi anavua kitu ambacho hakikupaswa kuvuliwa. Mtu yeyote aliyekulia kando ya ziwa anasikia Nyamgondho ndani yake, yule mvuvi wa Gwassi aliyemvua ajuza akatajirika, na siku aliyomtukana, ajuza akarudi ziwani na mifugo yote ikimfuata. Hadithi yao ilikuwa nzuri. Mwelekezi akataka dubwana lingurume, nami sikubisha. Nilirekodi bodaboda aina ya Boxer ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, maiki karibu na ekzosi. Nikaipunguza kasi hadi robo, nikachanganya na mkoromo wa nguruwe. Kwenye hedifoni zangu ilitisha. Nilijisifu mpaka nikampigia mke wangu simu aisikilize.

Tukaionyesha katika ukumbi wa kanisa, watu kama themanini. Dubwana likatoka majini, likanguruma. Kimya. Kisha sauti ya mtoto kutoka benchi la mbele: "Boxer hiyo! Imekosa oil!"

Ukumbi ulicheka mpaka mwisho wa filamu, hata mvuvi alipokufa.

Yule mtoto alikuwa sahihi kabisa. Ukipunguza kasi ya sauti kwa nusu inashuka oktava moja (toka do ya juu hadi do ya chini), ukiipunguza hadi robo inashuka mbili. Basi nilidhani nimeificha. Lakini mapigo ya injini ya silinda moja yalibaki vilevile, tu-tu-tu-tu, yamekuwa mazito na ya polepole tu. Mtoto wa Kisumu hulala na kuamka na mapigo hayo. Na hata kama asingeitambua, kosa kubwa lilikuwa limeshafanyika: nililipatia zimwi sauti moja ya uhakika. Mwelekezi alilivua kwa picha, mimi nikalivua kwa sauti, hakuna aliyebaki kulinda giza.

Kuna wakati kuonyesha kunafaa, na Mwalimu hunikumbusha hilo kila nikianza kuhubiri. Ringu ya Hideo Nakata, ya 1998, inatokana na riwaya ya Koji Suzuki ya 1991. Yule mwanamke anayetambaa akitoka ndani ya televisheni, tukio ambalo kila mtu analikumbuka, halimo kitabuni. Filamu iliongeza, tena ikaonyesha mchana kweupe. Nakubali. Lakini tazama jinsi walivyoonyesha: nywele zimefunika uso, na unapata jicho moja tu. Mwendo wenyewe una kasoro usiyoweza kuitaja, kwa sababu mwigizaji alitembea kinyumenyume kisha picha ikarudishwa. Umeona kila kitu na bado huna jibu.

The Exorcist nayo huwa naitaja kwa dada mfamasia, kwa kuwa pale mwandishi, William Peter Blatty, aliandika skripti ya filamu ya 1973 mwenyewe, na ikampa Oscar. Oscar ya pili ya filamu hiyo ilikuwa ya sauti. Pepo linalozungumza kwa kinywa cha mtoto ni sauti ya Mercedes McCambridge, mwigizaji mtu mzima aliyemeza mayai mabichi na kuvuta sigara ili koo likwaruze. Mtoto mdogo kitandani, na sauti ambayo haikutoka kwenye kifua chake. Hicho ndicho kitabu chote.

Upande wetu kuna tatizo ambalo huko kwingine hawalijadili sana. Wengi hapa hutazama filamu kwenye simu. Spika ya simu ni ndogo kama kucha, haina nafasi ya kusukuma hewa ya besi. Sauti nzito, zile ambazo wahariri huziweka chini kabisa ili tumbo lijue kuna jambo kabla ya akili, hazitoki. Mtu anakuja kuniambia filamu fulani haitishi kama kitabu. Namuuliza ameitazama wapi. Kwenye matatu, akirudi kutoka Ahero. Basi amesoma kitabu chenye kurasa zilizochanwa! Na banda la video lina spika kubwa, ila DJ anayetafsiri hawezi kunyamaza, maana maneno ndiyo riziki yake. Msichana anashuka ngazi gizani, mwelekezi amekaa miezi akipima ule ukimya, na DJ anatuambia, "Sasa huyu amekwisha, mjomba!" Nacheka kama wengine. Lakini moyoni nalia.

Ndoto yangu ni ya karibu na nyumbani. Grace Ogot, mtu wa Asembo, majirani zetu, ana hadithi iitwayo The Rain Came katika mkusanyiko wake wa 1968, Land Without Thunder. Chifu Labong'o anaambiwa mvua haitanyesha mpaka binti yake Oganda atolewe kwa dubwana la ziwani. Msichana anatembea peke yake kuelekea majini, jua linazama, anahisi kuna kitu nyuma yake. Ni Osinda, mpenzi wake, amekuja kumwokoa. Dubwana halitokei hata mara moja. Ikifanywa filamu, nina hakika mashabiki watabishana kuhusu mavazi, lugha na mwisho. Mimi nitaulizia bajeti. Nikisikia sehemu kubwa imetengewa kompyuta ya kuunda dubwana, nitabaki na kitabu changu.

Wale vijana wa mvuvi wamerudi. Wanataka kuirefusha ifike dakika arobaini, na kwa ukarimu ambao sikuustahili wamenipa tena sauti. Mwelekezi akauliza, safari hii litanguruma vipi?

Nilienda Dunga saa kumi alfajiri, nikafunga maiki kwenye fito karibu na mafunjo, nikawasha kinasa sauti na kuondoka nikakae mbali. Vyura wa pale hupiga kelele hadi inakuwa kama ukuta. Baada ya dakika mbili husikii tena vyura, unasikia usiku. Rekodi ni ya saa nzima. Dakika ya thelathini na nne wananyamaza wote kwa pamoja, kama mtu aliyezima swichi. Hakuna maji yanayochotwa, hakuna mguu. Huenda ni kiboko, huenda ni mvuvi aliyewahi. Kimya hicho kinadumu sekunde kumi na moja, kisha chura mmoja anajaribu, anaacha, anajaribu tena.

Nikakata kipande hicho, nikamtumia mwelekezi bila kuongeza chochote. Akanipigia baada ya robo saa.

"Omera, hii faili yako imekatika katikati."

Nikamwambia avae hedifoni, azime taa, aanze mwanzo.