"Sijala, kwa hiyo sichomi": maswali ya wasanii kuhusu kisukari na insulini

Maswali haya nayapata kliniki, hapa Oakland, California. Wanaoyauliza ni washairi, wacheza dansi, wachoraji, ma-DJ na waigizaji wa usiku. Wengi wao ni Weusi, Walatino na Waasia, na wengi ni wapenzi wa jinsia moja au watu waliobadili jinsia. Siku hizi wamo pia vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuja huku kutafuta usalama. Ninawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu kosa moja linajirudia kwao kama kwa wengine, na limeshawafikisha baadhi yao wodi ya wagonjwa mahututi: mtu mwenye kisukari anaacha insulini siku ambayo hajala.

Kisukari ni nini hasa?

Ni sukari kuzidi kwenye damu kwa sababu insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, haipo, haitoshi, au mwili hauitikii inavyotakiwa. Mwenye aina ya kwanza hana insulini yake, au anayo kidogo mno, kwa hiyo anachoma kila siku maisha yake yote. Aina ya pili ndiyo ya wengi. Mara nyingi huanza na vidonge, na baadhi yao baadaye huhitaji sindano pia. Hayo yanatosha.

Leo sijala chochote. Nichome insulini ya nini?

Ya kukuweka hai. Anayeniuliza hivi mara nyingi ameshaacha tangu jana. Hesabu yake naielewa: insulini inashusha sukari, sukari inatoka kwenye chakula, chakula hakuna, basi sindano ya nini? Anachosahau ni ini. Ini linahifadhi sukari na linatengeneza nyingine, na usipokula linaimwaga kwenye damu usiku na mchana. Bila insulini, misuli haiwezi kuitumia sukari hiyo. Mwili unajiona una njaa ilhali damu imejaa sukari, unaanza kuyeyusha mafuta kwa kasi, na mafuta hayo yanazalisha ketoni. Ketoni zikizidi, damu inakuwa na asidi. Mtu anaweza kufa kwa hali hiyo bila kuwa amekula hata tonge moja.

Jambo hili lilishajaribiwa kwa uchungu mkubwa. Kabla ya insulini kupatikana, Dk. Frederick Allen wa New York aliwatibu wagonjwa kwa kuwanyima chakula mpaka wengine wakabaki mifupa mitupu. Wenye aina ya kwanza waliongezewa muda kidogo tu, kisha wakafa. Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini, akaishi miaka mingine 13. Kufunga hakukuwaokoa wale wa kabla yake, na hakutakuokoa wewe.

Nikichoma bila kula, si nitaanguka?

Inategemea unachoma ipi. Insulini ya muda mrefu, ile ya mara moja au mbili kwa siku, kazi yake ni kuidhibiti hiyo sukari inayotoka kwenye ini. Hiyo usiiache. Insulini ya chakula, inayofanya kazi haraka, usipokula huichomi, isipokuwa kama umeelekezwa kuchoma kidogo ili kurekebisha sukari iliyopanda. Wanaotumia iliyochanganywa, ile ya 30/70 ambayo wengi wameizoea tangu nyumbani, wasikisie: wapige simu kliniki siku hiyo hiyo. Dozi ya muda mrefu inaweza kupunguzwa siku ya kufunga, lakini hilo uliamue pamoja na anayekutibu. Usiliamue peke yako mbele ya kioo cha chumba cha kubadilishia nguo.

Narudia kwa ajili ya wanaosoma harakaharaka: hujala, choma ya muda mrefu. Unatapika, choma ya muda mrefu. Umelala mchana kutwa baada ya onyesho, amka, pima, choma.

Nafunga siku tatu kabla ya onyesho ili nguo inikae vizuri. Nakunywa maji ya limao tu. Kuna ubaya?

Kama unachoma insulini, ubaya upo, na ni mkubwa. Nimeshachoka kuzisikia hizi habari za "kusafisha mwili". Ini na figo zinausafisha mwili bure, kila saa. Maji ya limao, mdalasini, mlonge, maji ya bamia, hata kimoja kati ya hivyo hakichukui nafasi ya insulini. Kunywa chai ya mdalasini ukiipenda, kisha choma dozi yako.

Wapo pia wanaopunguza insulini makusudi ili wakonde. Wanakonda kweli, kwa sababu sukari inatoka na mkojo na misuli inaliwa. Ni njia ya haraka ya kuharibu macho, figo na neva za miguu, na mcheza dansi asiyehisi nyayo zake atacheza na nini? Ukijikuta unafanya hivyo, mwambie nesi wako waziwazi. Hatutakugombeza. Kuna watu waliosomea kusaidia hali hiyo hasa.

Nitajuaje kama ketoni zimeanza kupanda?

Kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu kama umekimbia ilhali umekaa. Pumzi inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi, au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Wale wanaovaa kike jukwaani wanaijua harufu hiyo kuliko mimi. Ukiisikia kwenye pumzi ya mwenzako na hakuna chupa iliyofunguliwa chumbani, usiipuuze.

Sukari ikipita 250 kwa kipimo cha Marekani, yaani karibu 14 kwa kile cha Afrika Mashariki, na unaumwa, pima ketoni. Vijiti vya mkojo vinauzwa duka la dawa bila cheti cha daktari. Kwa kipimo cha damu, ukifika 1.5 piga simu kliniki sasa hivi, na ukifika 3 ni idara ya dharura moja kwa moja. Huna kipimo na unatapika? Nenda.

Huenda ni hangova, au chakula kilichoharibika. Siwezi kusubiri hadi kesho?

Huwezi. Sentensi hii nimeisikia kwa wagonjwa waliokuja wamebebwa. Hangova hutapisha, chakula kibaya hutapisha, na ketoni hutapisha. Ukiwa nyumbani huwezi kuzitofautisha bila kupima, na ketoni hazingoji upate uhakika. Hali hii hujengeka kwa saa chache tu, mara nyingi ndani ya siku moja.

Hata mpaka onyesho liishe?

Hapana. Onyesho linaahirishwa.

Insulini ni ghali. Nikichoma nusu dozi ili inifikishe mwisho wa mwezi?

Hapa hasira yangu haiko kwa mgonjwa. Waliovumbua insulini waliiuza hati miliki yake kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, wakitaka iwafikie watu wote. Miaka mia moja baadaye mgonjwa ananifungulia begi, ananitolea kalamu ya insulini (sindano yenye umbo la kalamu), naangalia alama za pembeni. Kalamu moja ina yuniti 300. Anayechoma 20 kwa siku inamwishia kwa siku 15. Hii ilifunguliwa wiki tatu zilizopita na bado imejaa zaidi ya nusu. Mwenyewe anatazama sakafu.

Usitazame sakafu, niambie. Machi 2023 kampuni tatu kubwa za insulini, Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, zilitangaza kushusha bei, na zina mipango ambayo wengi wasio na bima wanaweza kuitumia kupata insulini kwa dola 35 kwa mwezi. Vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu hutoza kulingana na kipato chako. Mengi ya hayo mgonjwa hawezi kuyajua asipouliza, na haulizi kwa sababu ya aibu. Nusu dozi bila mwongozo ni kosa lile lile la kutochoma, ila linakwenda taratibu.

Na kalamu iliyokwisha kufunguliwa, nyingi zinakaa nje ya friji siku 28 tu, mahali pasipozidi nyuzi 30. Usiiache ndani ya gari, wala chini ya taa za jukwaani.

Naogopa hospitali. Wataniuliza mambo yangu, wataninyanyapaa.

Hofu hiyo ina sababu. Wapo waliodharauliwa kwa rangi yao, wapo walioitwa kwa jina la zamani mbele ya foleni nzima, na aliyetoka Uganda baada ya sheria ya 2023 dhidi ya wapenzi wa jinsia moja amejifunza kutomwamini mtu mwenye koti jeupe. Siwezi kukuahidi kwamba kila utakayemkuta ana adabu. Ila siku ya dharura huna deni la kumsimulia mtu unampenda nani. Sema sentensi tatu: nina kisukari, natumia insulini, sijachoma tangu siku fulani. Hizo zinatosha kuanzishiwa dripu.

Kwa walioko Marekani, sheria ya 1986 inazilazimu idara za dharura, karibu zote, kumpima mgonjwa wa dharura na kuimarisha hali yake kabla ya kuulizana habari za pesa. Bili itakuja baadaye. Ikija, omba fomu ya msaada wa kifedha, ambayo hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa kisheria kuwa nayo.

Kwa matibabu ya kila siku, tafuta mahali utakapoongea bila kujificha. San Francisco kuna kliniki ya Lyon-Martin, iliyoanza 1979. New York kuna Callen-Lorde, Chicago kuna Howard Brown, Boston kuna Fenway. Na nyumbani, kama kuna nesi mmoja mnayemwamini, peaneni jina lake kimyakimya.

Natumia homoni za kubadili jinsia, na mwenzangu anatumia dawa za VVU. Zinagongana na za kisukari?

Homoni hazikuzuii kuchoma insulini, wala insulini haikuzuii kuendelea na homoni. Tuambie tu umeanza lini, tukuangalie sukari kwa karibu. Mwenzako kama anatumia dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wanapewa hata Afrika Mashariki, na anatumia pia metformin, kidonge cha kisukari, lazima daktari ajue. Dolutegravir huongeza metformin kwenye damu, kwa hiyo dozi ya metformin kwa kawaida haivuki miligramu 1,000 kwa siku. Asiache yoyote kati ya hizo kwa uamuzi wake.

Basi nile nini?

Chakula cha kwenu. Sijawahi kumwambia mtu aache maharage, tortila, ndizi za kukaanga au ugali wa bibi yake. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo nyama, samaki au maharage, robo iliyobaki wali au ugali. Soda iondoke. Kinachowaumiza wasanii zaidi ni ratiba: hakuna kifungua kinywa, hakuna chakula cha mchana, kisha saa sita usiku sahani tatu kwa mpigo. Wale mnaokutana baada ya mazoezi kila mmoja na chungu chake, nawapenda kwa hilo. Sogezeni chakula kiwe kabla ya mazoezi.

Na pombe?

Pombe inalizuia ini kutoa sukari, kwa hiyo sukari ya anayechoma insulini inaweza kushuka saa nyingi baadaye, akiwa usingizini. Kula kabla, pima kabla ya kulala. Sukari ikiwa chini ya 70, au 3.9 kwa kipimo cha Afrika Mashariki, kunywa nusu glasi ya juisi, subiri dakika 15, pima tena. Klabuni, anayetokwa jasho na kuropoka kwa sababu sukari imeshuka huachwa kando watu wakidhani amelewa. Kama hawezi kumeza, usimnyweshe kitu. Piga 911, nambari ya dharura ya Marekani.

Kazi kwanza, mwili baadaye. Si ndivyo walivyoishi wakubwa wetu?

Gloria Anzaldúa, mwandishi wa Kichikana (Mmarekani wa asili ya Meksiko) wa mpakani Texas na mmoja wa sauti kubwa za wanawake wasio Wazungu wanaopenda wanawake, aliambiwa ana kisukari mwaka 1992. Alifariki Mei 2004 nyumbani kwake Santa Cruz, kwa matatizo ya ugonjwa huo, akiwa na miaka 61. Alikuwa amebakiza kidogo amalize tasnifu yake, na digrii ya udaktari wakampa 2005, akiwa hayupo. Sisemi alizembea. Ugonjwa huu ni mzito hata kwa anayejitunza. Nasema kwamba tasnifu hakuimaliza, ilhali wanafunzi wa ushairi wanaonijia kliniki wanamtaja kama mfano wa kuiga katika kujichosha.

Mwenzangu amelala sofani tangu jana, anatapika, anahema haraka. Ananiambia nimwache apumzike.

Usimwache. Piga 911 sasa hivi, hata akikukatalia, maana asidi kwenye damu inachanganya akili. Chukua kalamu zake, kipimo chake na orodha ya dawa. Wahudumu wakifika, waambie mara ya mwisho alichoma lini na kiasi gani. Akishapona, jazeni fomu ya kumteua mtu wa kumwamulia mambo ya matibabu, hasa kama hamjafunga ndoa na familia yake imemkataa. Bila fomu hiyo hospitali inaweza kumpigia ndugu ambaye hawajasalimiana miaka, wewe ukiwa umekaa nje.